Benigna Alivyomtaja Kaka Yake

Nyie mnaosema Benigna ana roho ya chuma, mlikuwepo? Mimi Dafrosa, jirani yake hapa Ulyankulu, nilikuwepo, nikipepeta mahindi uani kwake.

Ulikuwa mwaka ule wa mpox. Redio ilishatangaza kwamba Umoja wa Afrika umesema ni dharura ya bara zima, na Burundi wagonjwa wanaongezeka. Benigna, mhudumu wa afya wa kijiji, alipita nyumba kwa nyumba: ukiona vipele, usiguse, toa taarifa. Basi si ndiyo akatokea Aleksi, kaka yake wa tumbo moja, kutoka Burundi! Miaka hawajaonana. Sisi wenye asili ya kule tunasalimiana kwa kukumbatiana, mikono hatuachiani mpaka habari ziishe. Aleksi akafungua mikono. Benigna akaona vipele viganjani, akarudi nyuma.

"Unanikimbia mimi, Benigna?"

"Nisamehe, kaka. Twende zahanati kwanza."

Aliitikia, lakini Benigna alipoingia ndani kuchukua kitenge, jamaa kadandia bodaboda, huyo, stendi ya mabasi, anarudi kwao. Na kule mkewe ananyonyesha mtoto mchanga.

Benigna akampigia daktari wa wilaya. Daktari akataka jina, taarifa ivuke mpaka kupitia Jumuiya ya Afrika Mashariki, wenzao wa Burundi wampokee. Nikawaka. "Usimtaje! Watamkamata kama mwizi. Damu ni damu, bwana!"

"Hiyo Jumuiya haina macho huku kijijini, Dafrosa. Macho yake ni sisi. Nikinyamaza mimi, yule mtoto nani atamsemea?"

Akamtaja, machozi yanamtiririka. Nilimchukia siku ile, sifichi. Nikabeba ungo wangu nikaondoka bila kuaga.

Aleksi alishushwa kwenye basi mpakani, abiria wote wanamtazama, akapelekwa kutengwa. Vipimo vikaonyesha ni mpox kweli. Akatibiwa, akapona. Mtoto hakupata hata kipele kimoja.

Juzi mke wa Aleksi akapiga simu. "Asante, wifi yangu. Mtoto ameanza kutambaa!"

Jamani, Benigna alivyofurahi! Akaweka sauti ya juu nami nisikie, maana tulishapatana. "Mungu mkubwa! Hebu nipe kaka nimsalimie."

Tukamsikia Aleksi, karibu kabisa na simu.

"Mwambie dada yangu nilishamzika."