Siku Nilipomkimbia Mkaza Mwana na Mgongo Wangu Mbovu

Naikumbuka siku ya ile saruji kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, mwanangu, na hilo usimwambie mke wangu. Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Shule niliachia darasa la tano, lakini kufikia hapo nilikuwa nimejenga duka la vifaa vya ujenzi hapa Keumbu, na watu waliomaliza vyuo walikuwa wanakuja kuniomba kazi. Sijisifu. Uliza mtu yeyote sokoni.

Lori la saruji lilifika asubuhi na vijana wa kupakua walikuwa wanavuta miguu. Nikawakaripia. Mmoja akanijibu, "Mzee, saruji ni nyepesi sana ukiwa umesimama kivulini." Wenzake wakacheka. Sasa mimi ni mtu wa kuchekwa na watu ninaowalipa? Nikavua koti, nikasema niwekeeni miwili begani. Mifuko miwili mizima. Nilifika nayo mpaka mlango wa stoo, na pale nikageuza kiuno bila kugeuza miguu. Chini ya mgongo kukachoma kama nimeguswa na chuma cha kuchomelea, nikaenda chini kwa magoti. Wale vijana waliendelea kucheka kidogo kabla hawajauona uso wangu.

Nilimeza dawa za duka, nikasema maumivu yataisha. Yakateremka mpaka mguu wa kushoto. Siku ya nne natoka nyumbani, nimeshafika getini, mke wangu Moraa akaniita, "Wewe, mbona umeacha patipati moja mlangoni?" Nikatazama chini. Mguu ulikuwa mtupu na sikuwa nimejua.

Hapo niliogopa. Nikaenda hospitali mjini. Daktari aliniambia nitembee kwa visigino, na mguu wa kushoto ukakataa kuinuka. Akanieleza kwamba mfupa haujavunjika, ila mshipa wa fahamu umebanwa, na kwamba wengi hupona bila kupasuliwa wakifanya mazoezi wanayofundishwa. Wakichelewa, mguu unaweza kulegea moja kwa moja. Tena akanionya, nikianza kushindwa kuzuia mkojo nisingoje hata saa moja, nirudi. Akaniandikia karatasi, akanituma chumba cha fiziotherapia.

Nafungua mlango, namkuta nani? Bosibori, mke wa mtoto wa kaka yangu. Nilijua anafanya kazi hospitali, lakini nilidhani ni ya kuandika majina.

Wewe, mtoto wa dada yangu, umezaliwa mjini, kwa hiyo nikueleze. Kwetu Gusii mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu, na mke wake ni mkaza mwana wangu. Kati yangu na yeye kuna ile heshima tunaiita chinsoni. Haingii ninapolala, hanishiki, hanioni nimelala chali. Na pale sakafuni kulikuwa na mkeka, na ukutani picha ya mtu amepiga magoti na mikono chini kama mtoto anayetambaa, makalio juu. Ndiyo kazi iliyokuwa inaningoja, mimi mwenye duka.

Yeye mwenyewe aliinamisha macho. "Tata," akasema, maana ndivyo anavyoniita, baba, "hata mimi nimeona aibu. Mwenzangu mwanamume yuko likizo, atarudi baada ya wiki sita. Lakini mguu wako hauko likizo."

Nikamwambia natoka kidogo kumwita Moraa. Nilitoka nimeshika viatu mkononi, na sikurudi.

Mwanangu, nikikumbuka wiki tatu zile natamani kujipiga kofi. Nililala kitandani nikiamini mgongo unataka kulala. Nilifungwa majani ya moto. Nilinunua mkanda wa ngozi ambao muuzaji aliapa kwamba umewatoa watu kwenye viti vya magurudumu. Walioniulizia dukani waliambiwa nina malaria. Wakati huo paja la kushoto lilikuwa linakonda, na kwenda chooni nilikuwa nashika ukuta. Mwanamume mzima, nimejenga ukuta ule mwenyewe, sasa ndio unanitembeza.

Moraa aliposhindwa na mimi alimwita shangazi yangu Kwamboka kutoka Nyansiongo, dada mkubwa wa baba yangu. Aliingia, akakaa kwenye kiti karibu na kitanda, hata salamu hakunipa.

"Nimeambiwa ulimkimbia mke wa mtoto," akasema.

"Shangazi, ni chinsoni. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Niliwafundisha msidharauliane. Nani alikuambia ni ya kukukata mguu?" Akaninyooshea kidole. "Na ukishalemaa hapo, Moraa akichoka, ni nani atakugeuza? Ni nani atakuosha? Si hao hao wake za watoto? Leo unakataa akuone umelala dakika kumi, kesho akuoshe miaka ishirini. Hiyo ndiyo heshima yako?"

Nikakubali. Mimi, ambaye sokoni hakuna aliyewahi kunimaliza kwa maneno.

Shangazi ndiye aliyepanga yote. Jumapili Bosibori alikuja nyumbani, akawekewa kiti nje chini ya dirisha, mgongo wake ukutani, hanioni simwoni. Ndani tulikuwa mimi na Moraa na mkeka. Bosibori anaeleza, Moraa ananitazama na kupeleka habari dirishani.

"Mama, ameinua nyonga?"

"Ameinua kidogo. Amekunja uso kama amepewa dawa ya minyoo."

"Uso hauhitajiki. Anapumua?"

"Amejizuia."

"Tata, pumua, mazoezi hayataki mtu aliyezimia. Mguu ukichoma zaidi mpaka kwenye wayo, tupunguze. Sasa mkono wa kulia mbele, mguu wa kushoto nyuma, polepole."

Nilianguka ubavu. Shangazi, ambaye alikuwa amekaa nje na Bosibori, alisikia kishindo akauliza kama nimeangusha kabati.

Tulienda hivyo, mara mbili kwa siku mimi na Moraa peke yetu, na Jumapili Bosibori chini ya dirisha, mpaka yule mwenzake akarudi kazini akanipima kwa mikono. Alisema aliyenifundisha anajua kazi. Alinipeleka kutembea, kwanza mpaka getini, halafu mpaka barabara ya lami. Kidole gumba cha mguu kiliamka mwezi wa pili. Nguvu yote ilichukua karibu mwaka, na sehemu ndogo ya wayo haijasikia kitu mpaka leo. Daktari alisema hizo wiki tatu ndizo zilizoichukua.

Sasa wewe. Nimesikia umeumia mgongo ukibeba mikungu ya ndizi Kiogoro, umefundishwa mazoezi, ukayafanya siku tisa, maumivu yakapungua, ukaacha. Mamako anasema unaona haya wenzako wa nyumba ya kupanga wakikukuta sakafuni. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka kuwaona vijana wenye misuli wakinunua tembe kama njugu.

Nisikilize. Ukibeba mzigo, kunja magoti, uuvute karibu na tumbo, na ukitaka kugeuka geuza miguu. Usilale kitandani wiki nzima. Tembea hata kama unachechemea. Maumivu yakipungua usiache mazoezi, maana maumivu hutangulia kuondoka na udhaifu ukabaki. Ganzi ikiingia mguuni, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo. Na anayejua kazi akikwambia ulale chini, lala, awe ni mwanamke, awe ni mdogo wako, awe ni mkweo. Aibu ikizidi, tafuteni dirisha.

Mungu wa baba zangu akunyooshe mgongo, akupe miguu inayosikia ardhi, akupe mke wa kukwambia ukweli na mtu wa nje ya dirisha wa kukuelekeza. Na siku ukifika umri wangu, uende chooni bila kushika ukuta.