Mshale Kwenye Kitako

Rafiki yangu hakutulia tangu siku alipoiona bunduki ile ya kuuzwa kwenye chumba cha chini cha nyumba moja kule Anoka, Marekani. Marehemu baba yake alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, wakati wa vita ya Hitler. Alirudi kijijini na blanketi lenye mhuri wa mshale, alama ya mali ya serikali ya Kiingereza, na watoto wote walilala chini ya mshale huo. Mshale kama ule ulikuwa umegongwa kwenye kitako cha bunduki hii.

"Shem, mwambie mwenzio mke mwenza hapa haingii," mkewe aliniambia kuhusu hiyo bunduki, tukiondoka kwao New Hope kwenda kuikagua. "Akalale garini."

Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma habari za silaha za zamani. Namba ya kwenye komeo la kusukumia risasi ililingana na ya kwenye mwili. Nilimulika tochi ndani ya mtutu: hakuna kutu, mistari inayozungusha risasi bado mikali. Mti wa kitako ulikuwa mweusi kwa jasho na mafuta ya miaka mingi.

"Ni yenyewe," nilimnong'oneza. "Thamani yake ni huo uzee. Nunua."

Yeye akaanza kuiponda kwa Kiingereza, kama mtu anayeponda shati la mtumba Kariakoo. Mti umechakaa. Mikwaruzo kila mahali. Mchafu! Mwenye mali, mzee wa Kimarekani, hakubisha wala hakushusha bei. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema turudi Jumamosi.

Wiki nzima rafiki yangu alinipigia simu. "Hajamuuzia mwingine kweli?"

Jumamosi mzee alitupokea mlangoni akitabasamu. Alikuwa ameupiga msasa mti wote na kuupaka vanishi. Uling'aa kama kiti cha dukani.

"Mlisema kweli, ilikuwa chafu," alisema. "Na bei nimepunguza, kwa kuwasumbua."

Rafiki yangu alipitisha kidole gumba pale palipokuwa na mshale. Akaenda dirishani, akarudi, akapapasa tena.

"Sema basi, bwana," nilinong'ona.

"Niseme nini? Si kanifanyia nilichomwambia?"

Alimpa mzee mkono, akamshukuru, tukatoka mikono mitupu.

Tulipofika New Hope, mkewe alikuwa kibarazani. "Mke mwenza yuko wapi?"

"Wamempaka poda," alijibu. "Simtambui."

Rafiki yangu hakukaa. Aligeuka akarudi garini, akashika tena njia ya Anoka, injini ikiwa haijapoa.