Kasha la Baba Ilunga

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sanduku tupu ninuse. Patron, Mbelgiji mwenye nyumba ya mnada pale Élisabethville, alinisogezea puani, akaniuliza nasikia harufu gani. Nikasema ya mbao. Akacheka, akaniambia niendelee kunusa mpaka nijue mbao gani. Lilikuwa la mwerezi, mti unaotunza unyevu wa zile sigara nene za Wazungu, zinazoviringwa kwa jani zima. Sanduku la mwerezi lililoishi kwetu kweli hupasuka kidogo kwenye kona kila kiangazi. Lisilo na ufa lilishuka kwenye treni juzijuzi, muuzaji aape asiape.

Wazungu waliokuwa wakirudi kwao waliuza vitu vyao kwetu, na chombo cha sigara kilichowahi kushikwa na mtu maarufu kilipanda bei. Basi na uongo ukapanda. Rubani mmoja mashuhuri alilala mjini usiku mmoja tu, lakini kwa visahani vya majivu tulivyoletewa kuwa ni vyake, maskini angehitaji vinywa kumi. Mimi, mtoto wa fundi wa Maniema, nilianza kwa kufuta vumbi, nikapandishwa kutunza ghala, na baadaye nikawa msaidizi wa Patron katika kukadiria thamani ya vitu.

Amri kuu ilikuwa moja: usisugue. Fedha ya zamani huota weusi mwembamba, Patron aliuita patine, na ndio unaoonyesha umri wake. Kwetu ulikuja haraka kwa sababu ya moshi mkali wa kiwanda cha shaba.

Asubuhi moja akaja Baba Ilunga, mzee wa kanisani, jirani yangu kule cité, mtaa wetu Waafrika. Alikuwa amestaafu kazi ya kuhudumia wageni katika hoteli kubwa. Alileta kasha la fedha la kubebea sigara mfukoni, bawaba yake imevunjika. Alipewa, alisema, na mwimbaji maarufu wa Ulaya aliyeshikwa na homa hotelini, naye mzee akawa anampelekea uji na kukaa kando ya kitanda chake mpaka akapona.

Bahati mbaya meneja mpya wa hoteli alikuwa dukani akitazama viti. Alilinyakua lile kasha, akasema aliwahi kusikia kwamba mwimbaji yule alipoteza kasha kwao, na kwamba anakwenda kuita polisi. Siku zile mtu mweusi akishtakiwa na Mzungu, alifungwa kwanza, maswali baadaye. Baba Ilunga alisimama, kofia mkononi.

Patron akamwomba meneja asubiri, tukalipeleka kasha dirishani. Kwa mara ya kwanza katika kazi ile niliomba Mungu kitu kiwe bandia, maana kasha la bandia haliwezi kuwa la mwimbaji, na kama si la mwimbaji, hakuna wizi. Wapi! Ndani lilipakwa dhahabu, na mifereji yake mitatu ya kulazia sigara ilikuwa na madoa ya kahawia ya mafuta ya tumbaku, ambayo mtu hawezi kuyaiga. Lilikuwa la kweli.

Kisha Patron akakigeuza kifuniko, akaguna kama mwenye jino bovu. Palipochongwa jina la mwimbaji palibaki mikwaruzo miwili mitatu. Akauliza nani alilisugua hivi.

“Ni mie, Patron,” akasema Baba Ilunga, na ungeona alivyojivuna. “Kila siku ya Mungu, nikitoka ku misa, naisuguaka na majivu, naiweka ku meza. Batu banakuya kuiangalia. Hata padiri anaionaka.”

Patron alitazama tena ile mikwaruzo, polepole akaanza kutabasamu. Akamweleza meneja kwamba katika moshi wa mji huu fedha iliyofichwa huwa nyeusi ndani ya herufi, lakini hii ilisuguliwa miaka mingi hadharani. Akamalizia kwa Kiswahili, ili sote tusikie: “Mwizi gani anasuguaka kitu ya kuiba mbele ya padiri?”

Meneja akaenda zake, hata viti akavisahau. Nilifurahi nusura nimkumbatie Patron.

Ila mkadiriaji ni mkadiriaji. Patron alimwambia mzee, kwa huzuni ya kweli, kwamba jina limekwisha na thamani imekwenda nalo.

“Sikukuya kuiuzisha, Patron,” akajibu Baba Ilunga. “Nilikuya juu ya ile charnière.”

Bawaba hiyo nikaitengeneza mwenyewe.

Patron alirudi kwao, akaja mwingine aliyependa kelele kuliko vitu, nami nikaendelea mpaka macho yakachoka. Sasa nalima viazi vitamu huku Annexe, pembeni ya mji, na kugombana na kuku wa jirani. Baba Ilunga alipofariki, watoto wake waliniletea lile kasha. Alikuwa amewaambia liende kwa yule aliyelitengeneza.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa msikiti, nalisugua Ijumaa badala ya Jumapili, kwa majivu, kinyume na yote niliyofundishwa. Mikwaruzo ya mwisho nimeimaliza mimi. Na wajukuu wakiniuliza kasha hili lilikuwa la mtu gani mashuhuri, nawajibu: la Baba Ilunga.