Kidole cha Dinosaria Nilichokilamba

Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Nchelenge, na udhaifu wangu ni kupenda kueleza. Tangu nimwoe Beatrice, mama yake hajawahi kunisemesha. Ndiyo desturi: mama mkwe hujitenga na mkwe wake mpaka siku atakapompikia karamu ya kumkaribisha. Alipokuja kututembelea kutoka ng'ambo ya ziwa, nilitamani sana kusikia sauti yake.

Jumamosi niliokota kitu kwenye mawe ya kufulia. Nikawaita majirani uani.

"Tazameni, wapendwa. Mfupa wa kidole cha dinosaria mla nyama una mfereji mwishoni, na kishimo kila upande, pale kano ziliposhika. Yote haya hapa! Tena mfupa wa kale hunata ulimini."

Nikaulamba. Ukanata. Wakapiga makofi, nikaulamba tena.

Kutoka nyuma ya mlango wa jikoni ikaja sauti nisiyoijua, ya upole, ikijizuia kucheka.

"Mukwe, mutoto yangu, acha kulamba. Ile ni tofali yangu ya kusugulia visigino. Vile vishimo ni vidole vyangu."