Mama kakataa mpelelezi wangu afe

Leo mama kaniokolea jeshi zima, na hajui hata kutumia simu ya tachi!

Nilikuwa nacheza gemu la vita mtandaoni, yeye pembeni anapepeta ulezi. Nikatuma mpelelezi wa farasi akachungulie ngome ya adui.

"Huyo umemtuma wapi?"

"Kwa adui, mama. Akishaona, anauawa tu. Ndiyo kazi yake."

Ungo ukawekwa chini.

"Sisi tulipokuwa tunashuka bondeni, Muze, kuuza ulezi, mmoja akitangulia kuangalia mto, hakuna anayesogea mpaka arudi. Mwite mtoto wa watu!"

Mtoto wa watu, jamani. Kapicha tu!

Nikamrudisha ili yaishe. Akapitia nyuma ya kilima, kumbe jeshi la adui limejificha huko linanisubiri. Ningeenda, ningekwisha.

Nikashangilia. Mama wala.

"Amefika?"

"Amefika, mama."

Ndipo akaokota ungo.

Wenzangu mnaocheza, wapelelezi wenu huwa mnawarudisha?

Mimi kesho naenda Matai kutafuta chumba, nimepata kazi huko. Mama kaniambia hivi tu: "Ukishakiona, rudi kwanza."