Marahaba Mia Tatu za Mwalimu Pantaleo

Mwalimu Paskazia wa Segese hakuwa mtu wa maneno mengi. Darasani kwake walibanana watoto mia moja na kumi, na hesabu za sehemu aliwafundisha kwa michembe: kipande cha kiazi kikavu kinavunjwa nusu, nusu inavunjwa robo, anayepata anakula jibu lake. Mbinu hiyo aliiandika kwenye kundi la WhatsApp la mafunzo ya walimu wa kata, akaongeza nyingine mbili, basi. Jumbe tatu muhula mzima. Alitaka kitu kimoja tu: awe mwezeshaji wa Hisabati wa kata.

Akaja Eustace, mtaalamu wa kuchambua mijadala ya mtandaoni. Aliwakusanya walimu, akawaonyesha michoro ya rangi rangi, akaeleza kwamba kompyuta imehesabu jumbe za kila mmoja, na aliyeandika nyingi ndiye aliyejifunza sana. Huyo ndiye mwezeshaji. Kwa kipimo hicho, kasuku angekuwa profesa.

Wa kwanza: Mwalimu Pantaleo, jumbe mia tatu na kumi na mbili. Wa mwisho: Paskazia.

Walimu wakatazamana. Mzee Pantaleo amebakiza mwaka mmoja astaafu. Kila asubuhi walimu vijana humwamkia kwenye kundi, naye, kwa malezi ya Kisukuma, hawezi kuacha shikamoo ya mtu ikining'inia. Humwitikia kila mmoja peke yake.

Paskazia akasimama. "Samahani, kaka. Umezisoma?"

"Takwimu hazisomwi, dada. Zinahesabiwa."

"Basi tusomee tano tu za Mwalimu Pantaleo."

Eustace akafungua kwa madaha. Marahaba Nelly. Marahaba Boaz. Marahaba mwanangu Loveness, mama anaendeleaje? Ya nne aliimeza. Walimu wakainamia madaftari kuficha meno.

Pantaleo akakohoa. "Mwanangu, mimi nafundisha Kiswahili. Kama kuna cheo cha kuitikia salamu, nipe hicho."

Nelly akasema michembe ameijaribu darasani kwake, imemsaidia. Boaz naye, ila wanafunzi wake walilila somo kabla halijaanza. Mikono tisa zaidi ya walioijaribu ikanyooshwa.

Kwenye jedwali la mtaalamu hapakuwa na nafasi ya mambo kama hayo. Ikabidi abadilishe jina la mwezeshaji kwa mkono kwenye karatasi, na pamoja na mashine yake yote, kalamu hakuwa nayo. Paskazia akamwazima nyekundu, ile ya kusahihishia.