Maneno Hamsini na Matatu ya Egya Bentsil

Kibanda changu cha kenkey kimepakana na karakana ya Egya Bentsil, mchapaji wa matangazo ya misiba hapa Mankessim. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikifunga madonge ya unga wa mahindi kwenye majani ya mgomba huku nikimsikia akibishana na wafiwa nyuma ya ukuta wa mbao. Kwetu msiba hauanzi mpaka tangazo libandikwe: picha ya marehemu, majina ya jamaa, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, maneno ya Kiingereza yanayosema kimetokea nini. Maneno hayo ndiyo watu husoma kwanza, na ndiyo watakayosengenya sokoni.

Neno la kawaida la Kiingereza la kufa, ambalo hata mimi niliyeishia darasa la saba nalijua, Egya hajalichapa hata mara moja. Anasema linafaa mbuzi. Ana daftari lenye jalada la kitambaa, na humo ameandika maneno mengine hamsini na matatu yenye maana hiyo hiyo, kila moja na mtu wake. Mzee aliyepita sabini akaacha wajukuu ameitwa utukufuni. Aliyeugua muda mrefu amepumzika. Kijana ametutoka mapema mno. Aliyeondoka ghafla, barabarani au baharini, huandikiwa "mshtuko ulioje". Chifu hapewi lolote kati ya hayo; yeye amekwenda kijijini kwake.

Siku moja mwanamke alimwombea utukufu mumewe wa miaka hamsini na minne.

"Aliacha wajukuu, mama?"

"Mmoja yuko tumboni."

"Basi na utukufu bado uko tumboni. Chukua mapumziko."

Lakini hachagui neno kabla hajazungumza na mtu aliyemfumba marehemu macho. Humkalisha kwenye benchi, akamuuliza mgonjwa alikula nini mara ya mwisho, alimwita nani, alilala ubavu gani. Halafu hukaa kimya, kidole juu ya daftari. Nilikuwa naacha kufunga kenkey ili nisikilize ule ukimya. Watu waliingia kwake wakigombana, wakatoka wakilia polepole, kana kwamba ni pale tu walipopewa neno ndipo walipoambiwa kwamba mtu wao hayupo.

Mwanangu Ekow aliondoka kwenda Libya kwa njia ya jangwani. Alinipigia simu mara ya mwisho akiwa Agadez, akaniambia nisisahau kunywa dawa zangu za presha. Imepita miaka mitatu. Simu yangu huwa nailaza kifuani, na mtandao ukikatika naomba ya jirani nihakikishe kama ni kwangu tu. Mwaka huu kijana mmoja wa Saltpond alirudi, akasema gari moja la msafara wao lilipotelea mchangani, na anadhani Ekow alikuwa humo. Mjomba wangu Kobina Arhin, mkuu wa ukoo wetu, akaamua kwamba tumlilie kabla ya Pasaka.

"Anadhani tu, mjomba," nilimwambia.

"Araba, miaka mitatu. Ukoo umechoka kusubiri mlangoni."

Jumatatu asubuhi nilimwona akiingia kwa Egya na picha ya mwanangu. Niliacha sufuria motoni nikamfuata.

"Bentsil, nataka matangazo mia mbili," alisema. "Andika mshtuko ulioje."

"Nani alimfumba macho?"

"Usinianze."

"Ninachomuuliza kila mtu ndicho ninachokuuliza wewe."

"Jangwa lilimfumba. Kaliulize."

"Basi lilete likae hapo kwenye benchi."

Mjomba akacheka, lakini mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama. "Kuna vijana wa kompyuta njia ya Ajumako. Saa moja wamenimalizia."

"Nenda. Watakupa neno lolote."

Nikajua akitoka na ile picha, kabla ya jioni mwanangu atakuwa ukutani. Nikasimama mlangoni.

"Nipishe, Araba."

"Sikupishi, mjomba." Sikuwahi kumjibu hivyo maishani.

Hapo Egya akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari, akalisogeza mezani. Juu hapakuwa na neno lolote, bali mstari mtupu. Chini yake majina kumi na saba, kwa penseli.

"Hawa nao waliletwa bila mtu wa kukaa kwenye benchi," alisema. "Neno lao nalitafuta mwaka wa arobaini huu. Wenye alama ya msalaba, mifupa yao ilipatikana, nikawapa maneno yao. Waliokatwa kwa mstari walirudi wenyewe."

Waliokatwa walikuwa watano. Niliwahesabu mara mbili. Mjomba alivaa miwani akasoma kuanzia juu, na kwenye jina la tatu kidole kikasimama.

"Huyu Kobina Arhin ni yupi?"

"Ni wewe. Mwaka ule watu wetu walipofukuzwa Lagos, wenzako wakashuka hapa kwenye malori, wewe hukuonekana."

"Nani aliniandikisha?"

"Mjomba wako Amissah, aliyekalia kiti unachokalia. Alikuja na picha yako ya shule, masikio yametoka hivi."

"Sikuambiwa."

"Nani amwambie mtu aliye hai mambo hayo? Hata leo umenilazimisha."

Mjomba akakaa kwenye benchi. Mikono yake mikubwa aliilaza magotini, akaitazama kama ya mtu mwingine.

"Alitaka niandikiwe nini?"

"Mshtuko ulioje."

Nje mtu alikuwa akiuza maji. Kisha mjomba akanirudishia picha ya Ekow bila kunitazama, na Egya akanipa penseli. Niliandika jina la mwanangu, la kumi na nane, kwa herufi zangu za darasa la saba.

"Araba," mjomba akasema, "kenkey yako inaungua."

Kweli ilikuwa inaungua.

Pasaka imepita na kuta za Mankessim hazina uso wa mwanangu. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto nazipitia zote, nikisoma maneno ya juu kwanza. Juzi nilimsikia Egya nyuma ya mbao akisema maneno ya Kiingereza polepole, moja, kimya, jingine, kama mtu anayejaribu funguo. Niliacha majani nikasikiliza. Hatimaye akafunga daftari, akaniomba kenkey mbili na samaki.